Mwalimu Severini na Moto Usioonekana Mchana

Mwalimu Severini Anselmo anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kufundisha Kemia kwa miaka thelathini na minne: kumi na miwili Ruangwa, ishirini na miwili hapa kwetu Nachingwea.

Waliopita mikononi mwake hawasahau kipindi cha atomu. Akiwa na koti lake la maabara lisilo na kifungo hata kimoja, alipanda ngazi za jukwaa la bwalo kuonyesha kwamba elektroni husimama ngazi ya kwanza au ya pili. Katikati haikai kamwe. Ikishuka, hutoa mwanga wa rangi yake maalumu. Kisha alinyunyiza chumvi ya mezani kwenye spiriti inayowaka, moto ukawa wa njano, darasa likalipuka kwa makofi. Mimi wa Fizikia nilimwonea wivu, nisiwe mnafiki.

Wasifu unaoruka mwaka 2009 ungekuwa uongo, na yeye mwenyewe amenikataza kuuruka. Asubuhi ya jua kali, madirisha wazi, alidhani moto umezimika. Moto wa spiriti mchana hauonekani. Akaongeza spiriti moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Moto ukaruka hadi benchi la mbele, ukamuunguza Aneth wa Kidato cha Tatu. Alifariki siku ya tisa.

Tangu hapo chupa hufungiwa chumba cha pili, spiriti hupimwa kwa kijiko, na somo la kwanza la kila mwaka ni kisa cha Aneth. Hukisimulia mwenyewe, bila kuficha kosa lake. Tulimwambia yaliyopita si ndwele, lakini hakuacha kukisimulia. Kwa miaka kumi na sita hajaungua mwanafunzi mwingine.

Kila palizi ya Januari huenda Mtua, shambani kwa Mama Aneth. Mwaka wa kwanza alifukuzwa. Wa pili pia. Wa tatu alikuta jembe limeegemezwa kwenye mkorosho, akapalilia mpaka jioni. Hadi leo hawajasemezana.

Tulimpelekea mama huyo kadi ya sherehe hii ya kumuaga Mwalimu. Alimtuma jirani airudishe na kutueleza kwamba hajasamehe, wala hajui kama atasamehe, ila Januari jembe litakuwa palepale. Nilipomfikishia Mwalimu ujumbe huo, alikaa kwenye ngazi za jukwaa akalia.

Mwalimu, elektroni haikai katikati. Binadamu hukaa, tena miaka mingi.

Asante kwa kila mtoto aliyetoka maabara akiwa mzima. Tunakuombea afya na mgongo imara. Januari, nenda Mtua.