Tupokigwe Anakabidhi Ufunguo

Binti yangu Tupokigwe anastaafu. Alhamisi, tarehe 30 Juni 1983, anatimiza miaka ishirini na mmoja ya kuwa mlezi wa Nyumba ya Vijana hapa Tukuyu. Siku hiyohiyo anakabidhi ufunguo wa nyumba ya kazini, naye hana nyumba nyingine. Nilitaka mlijue hilo kwanza. Sasa ndiyo nawasalimu: mugonile, ndugu wasomaji wa jarida letu.

Wenzake wa ofisini walitaka kuandika wao. Nikawaambia, ninyi mnamjua tangu mwaka 1962, mimi Felista namjua tangu tumboni. Nimesoma hadi darasa la nne misheni, na mwandiko wangu ulisifiwa.

Alianza kazi Uhuru ukiwa na miezi saba. Vijana wasio na kwao walikuwa wakilala kwenye mabaraza ya maduka, na mvua ya huku mnaijua. Tupokigwe aliwapitia asubuhi na birika la uji, wala hakumwuliza mtu jina lake kabla hajamaliza kikombe. Uji huo nilimfundisha mimi kuupika.

Mwanzoni alikosea, na hilo nalisema pia. Kijana akifika umri wa kujitegemea, alimpa jembe, blanketi na sufuria, akamwombea, akamwacha aende peke yake. Baada ya miezi miwili anamkuta barazani palepale, jembe limeshauzwa. Akaja kwangu Isongole, akalia. Nikamkumbusha desturi yetu ya zamani: wavulana wakikua kidogo walijenga vijumba vyao pamoja na wa rika lao, wakalala huko, na chakula wakazunguka kula kwa mama wa kila mmoja. Hakutoka mtu peke yake. Akafuta machozi, akaniomba kalamu.

Tangu hapo vijana wake wanatoka watano watano, wanajenga jirani, na kila kundi lina mama wa kwenda kula kwake Jumapili. Kundi la kwanza alinipa mimi. Walimaliza debe zima la viazi na maharage yangu ya wiki. Nikamwuliza, mwanangu, umeniletea vijana au nzige? Akacheka tu. Jumapili iliyofuata nilipika mara mbili ya pale.

Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, alimsindikiza kijana wake Andongwisye kwenye kikao cha kugawa mashamba. Mzee Meshaki, aliyeshika daftari, akauliza huyu ni mtoto wa nani.

“Wangu,” akasema Tupokigwe.

“Na baba yake tumwandike nani?”

“Niandike mimi tena, Mzee. Nafasi si ipo?”

Kikao kizima kikacheka, na Andongwisye akapata shamba. Leo ni fundi seremala wa Kinyala, ana watoto wanne, na binti yake mkubwa ni Felista mwenzangu.

Wote waliotoka hivyo na kusimama ni themanini na watatu. Watu humtania mwanangu kwamba hana mume ila ana watoto wengi kuliko chifu. Basi wajukuu ni wangu, wala sioni haya kujisifu.

Sasa nirudi kwenye ule ufunguo. Shamba la marehemu baba yake waligawana kaka zake, na mimi mwenyewe naishi kwa mmoja wao. Nilimwambia aje tukae wote. Akanijibu, “Mama, nitakuwa mgeni wa wifi mpaka nife.” Kumbe Andongwisye na wenzake walikuwa wamepata kiwanja Kinyala, wakasimamisha nguzo na kufunga mianzi bila kumwambia. Alipojua akakataa. Alisema mlezi halipwi na aliowalea, akaanza kuulizia chumba cha kupanga mjini. Nilimgombeza hadi sauti ikakauka, hakusikia.

Wakaja wenyewe. Andongwisye akamwambia, “Mama, sheria ni yako. Hatoki mtu peke yake. Au ilikuwa ya sisi tu?”

Tupokigwe akauliza, “Jiko mmeliweka upande gani?”

Ndaga, mwanangu. Asante kwa miaka yako yote, kutoka kwa wenzako wa kazini na kutoka kwangu niliyekuzaa. Mungu akupe uzee wenye afya, na majirani wa kukugongea mlango kila asubuhi.

Alhamisi na Ijumaa atalala kwangu, kama mgeni. Nyumba bado haijakandikwa wala kuezekwa. Mabati hayapatikani, lakini nyasi zipo. Aliyelelewa na mwanangu, aliyefanya naye kazi, hata anayetaka kula viazi vyangu tu, aje na jembe au mganda wa nyasi. Ni Kinyala, nyuma ya karakana ya Andongwisye, saa moja asubuhi, Jumamosi tarehe 2 Julai.