Pigo la Nne

Benchi la mbao mbele ya mkahawa, pale kwenye kona ya Ménilmontant mtaa unapoanza kupanda kilima, lina wenyewe. Kulia hukaa Mwalimu Thibaut, aliyefundisha falsafa miaka thelathini na ambaye sasa, kwa kukosa wanafunzi, anawafundisha wapita njia. Kushoto hukaa Odile, anayeandika gazetini habari za tamthilia. Wote humwita Mama Kalamu. Katikati ni mahali pa Anselme, yaani Mzee Rungu. Huyu maisha yake yote aliyamaliza nyuma ya pazia la ukumbi mdogo ulio ng'ambo ya barabara, akigonga sakafu kwa rungu mara tatu ili watu wanyamaze na mchezo uanze. Miaka tisa iliyopita walimstaafisha, wakaweka kitufe cha umeme mahali pa rungu lake. Jana mkurugenzi mpya alimwita ajaribiwe: onyesho likienda vizuri, rungu ni lake msimu mzima. Asubuhi hii mzee hajagusa kahawa yake, maana jana watu walisikia mapigo manne.

— Manne! — Mwalimu alijipiga gotini. — Matatu tumeyazoea tangu enzi za wafalme. Mzee, hilo la nne ulilitoa wapi?

— Lilikuja tu.

Halikutoka kwake. Mzee Rungu aligonga matatu, akayahesabu kwa midomo kama alivyofundishwa ujanani. Tangu jana anajiuliza kama mkono umeanza kumsaliti, na kama mkurugenzi ameliona hilo.

— Hebu nyamazeni niwasomee, — Mama Kalamu alikunjua gazeti. — "Mke ameandaa meza. Supu inapoa. Mume hatokei kwa muda wa saa moja na nusu nzima, na mlango unabishwa, unabishwa, wala mke hafungui! Tangu vita viishe, jukwaa letu halijathubutu kiasi hiki."

— Umeandika vizuri, lakini mume mwenyewe ni nani? — aliuliza Mwalimu.

— Si ni Serikali!

— Mama, acha utani. Serikali ingebisha hodi? Ingeleta barua. Mume ni Ukweli. Unabisha, sisi tunajifanya hatupo nyumbani.

— Na supu?

— Supu ni sisi wasomi. Tumepikwa tukaiva, tukaandaliwa mezani, na sasa tunapoa!

Walicheka mpaka benchi likalia. Katika mtaa ule mtu atakiri mbele za watu kwamba hajui kuogelea, au kwamba mkewe amemkimbia, lakini hujawahi kumsikia mmoja akikiri kwamba hakuielewa tamthilia. Mzee Rungu naye alicheka, kwa adabu.

— Ngojeni, ngojeni! — Mwalimu alisimama, kahawa ikammwagikia kiatuni. — Nimeshaipata! Matatu ni ya kuanzisha mchezo. La nne ni la kutuanzisha sisi! Sisi ndio tuliokuwa tunaigiza! Yule dada Solène, aliyeigiza mke, alikaa pale mezani anatutazama!

— Ndiyo maana nilijihisi nimevaa vibaya, — Mama Kalamu alishika kifua. — Mzee wangu, umetufanyia nini! Wewe si wa kugonga tu. Wewe ni mtunzi!

— Kesho naliongelea redioni, — alisema Mwalimu. — Pigo moja limeifuta falsafa yote niliyofundisha. Sema basi, ulilifikiria muda mrefu?

Mzee Rungu aliwatazama. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiria nini. Sifa zilimpanda kichwani, akajikuta ameketi wima.

— Miaka kadhaa, — alisema.

— Miaka kadhaa! Andika, Mama, andika!

Hapo akaja kijana mrefu, mkono wa kulia umefungwa bendeji, anapiga chafya. Hakuna aliyemtambua, na halikuwa kosa lao.

— Samahanini. Naitwa Loïc. Mimi ndiye mume.

— Mume wa nani?

— Wa kwenye mchezo. Naingia dakika ya tano, natoka kuoga, nakula supu, tunagombana mpaka mwisho. Jana niliwahi mapema, nikakuta mlango wa kuingilia jukwaani umetiwa komeo kwa ndani. Nikagonga kwa nguvu mara moja, mara tu baada ya yale matatu. Halafu nikaendelea polepole.

— Kwa nini hukupiga kelele? — aliuliza Mama Kalamu, sauti ikiwa imepungua.

— Wakati onyesho linaendelea? Mama, mimi nimesomea kazi hii!

— Ungezunguka kwa mbele basi!

— Na taulo tu kiunoni?

Mwalimu aliketi taratibu. Mama Kalamu alikunja gazeti mara mbili, kisha mara ya tatu. Mzee Rungu alihisi masikio yanawaka moto. Aliona aibu, aibu hasa, ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

— Komeo ni mimi, — alisema. — Zamani ndiyo ilikuwa sheria. Kabla ya kugonga unatia komeo, mtu asikurupuke akakuharibia. Ukishagonga, unafungua. Jana nilivyolishika tena rungu... nilifurahi mno, mwanangu. Nikasahau kufungua. Na la nne silo langu. Nimewadanganya.

— Na Solène je? — Mwalimu bado alikuwa na tumaini. — Yeye hakufungua kwa makusudi?

— Alidhani mkurugenzi amebadilisha mchezo. Huyo hubadilisha kila siku. Na sasa amebadilisha kweli. — Loïc alionyesha gazeti kwa bendeji. — Amesoma hiyo makala, amelia machozi. Anasema leo komeo litiwe tena, na Mzee apewe msimu wote. Mimi nibaki nje, nibishe.

— Hongera, Mzee! — Mama Kalamu alianza, akaishia njiani.

— Mimi sina neno, — alisema Loïc. — Ila mama yangu anakuja na treni ya mchana kutoka Brest. Hajawahi kuniona nikiigiza. Ninyi ndio mnaoyajua mambo haya: nimkatie kiti upande gani, anione vizuri?

Mwalimu aliinama kufuta kahawa kiatuni. Mama Kalamu alichungulia kikombe chake, hakikuwa na kitu. Gari la taka lilipita, likapanda kilima.

Mzee Rungu aliinywa kahawa yake iliyopoa, yote kwa mkupuo mmoja. Akautazama ukumbi ng'ambo ya barabara, kisha akainuka, akabisha kwenye kioo cha mkahawa mara tatu.

— Mkalishe safu ya mbele, katikati, — alimwambia kijana.

Mwenye mkahawa alitoa kichwa mlangoni.

— Unataka nini, Mzee? Kahawa imekwisha.

— Bisibisi. Nina komeo la kung'oa.