Kimya Alichokitafuta Mama Sindano

Wapendwa waombolezaji, marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Sindano, alizaliwa tarehe 9 Mei 1968 katika zahanati iliyo nyuma ya kituo cha reli, akiwa kifungua mimba wa baba mpiga chapa na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi iliyopakana na zahanati hiyo, na akiwa kidato cha pili mama alianza kuangusha mkasi, madaktari wakasema ni baridi yabisi, wakasema ni uchovu, na ilipojulikana kwamba ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ambao huweza kurithiwa, mama alikuwa hawezi tena kumeza maji.

Ndiyo maana, alipomaliza chuo cha afya mwaka 1991, aliomba kupangiwa chumba cha hospitali ambacho wenzake walikikimbia, kile cha mwisho wa korido, cha kupimia neva na misuli. Humo sindano nyembamba huchomwa kwenye msuli, mashine ikatoa sauti ya kinachoendelea ndani, na msuli usio na ugonjwa, ukipumzika, hausemi kitu, kwa hiyo kila mgonjwa aliambiwa, "Legeza mkono, ndugu yangu, nataka kusikia kimya."

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na fundi cherehani, aliyependa kututania kwamba wameoana sindano kwa sindano, wakajaliwa mabinti wawili. Kila Jumatatu, kabla ya wagonjwa, dada alijichoma mkono wake mwenyewe, akisema anajaribu mashine, lakini shemeji alijua kwamba anamtafuta mama humo, na hakuwahi kumuuliza.

Jumatatu tarehe 5 Agosti 2019 mashine ilitoa sauti kama mvua inapoanza kudondoka juu ya bati. Mganga hajigangi, dada akaita fundi wa mitambo, nyaya zikabadilishwa, soketi ikabadilishwa, hata taa ya dari ikazimwa, na sauti ikabaki, mpaka fundi mwenyewe akapandisha mikono ya shati, akatoa mkono wake uchomwe, na chumba kikawa kimya kabisa.

"Basi mashine ni nzima," dada akasema, akamshukuru, akaita mgonjwa wa kwanza.

Wakati huo bado alifungua chupa za dawa bila shida, daktari akataka wasubiri kwanza, dada akakataa, akapimwa upya, akaanza mapema dawa za kupunguza kasi ya ugonjwa. Muda alioupata aliutumia kulaza mkono wake mezani, ili wanafunzi wa chuo cha afya wajifunze sauti ile, nao walisikiliza wakilia, naye akiwakemea kwamba machozi yanaziba masikio. Dereva wa lori aliyeketi pale mbele leo, ugonjwa wake uligunduliwa na mmoja wao, akiwa bado anaweza kushika usukani.

Nyumbani tulianza kuiogopa mvua. Shemeji aliweka dari ya mbao ili isisikike, na bado anaisikia.

Sauti ya dada ilikatika mwaka jana, na alifariki nyumbani tarehe 22 Februari 2024, saa nane mchana. Ameacha mume, na mabinti wawili ambao hawajaamua kama nao watalaza mikono yao pale mezani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani, wafanyakazi wenzake, pamoja na fundi wa mitambo, ambaye hadi leo anaona haya kwa uzima wa mkono wake.

Dada, mashine imezimwa, humo mkononi hakuna tena wa kumtafuta, legeza mkono, pumzika kwa amani.