Birika la Bi Winnie

"Ukifa hapa Lancashire huna wosia wala ndugu, mali yako inakwenda kwenye milki ya Mfalme," mzee Clifford alimwambia Bi Winnie, aliyekutana naye kwenye basi la Preston. Nyuma yao, abiria mwingine, Hilda, aliyekuwa akiwasikiliza, alisahau biskuti mdomoni.

"Hata birika langu?"

"Na paka, bi mkubwa."

"Thubutu! Miaka hamsini nawapigia kelele hao wafalme waache kula kodi yangu, halafu niwaachie nyumba?"

"Andika wosia."

"Nimwandike nani?" Bi Winnie akamkagua mpaka soksi, kila moja na rangi yake. "Mzee, una mke?"

"Sina. Lakini Mfalme nampenda!"

"Utaacha."

"Siachi!"

Hilda akawabonyezea kengele. Basi likasimama mbele ya ofisi ya ndoa, wakateremka wakibishana. Naye akawafuata, maana shahidi lazima.