Edita ya Jovia na Maneno ya Koplo

Benchi la Viktoria muuza kahawa liko Koboko, mbele ya karakana ya wachomeleaji wa milango ya chuma, na siri ikipita hapo asubuhi haifiki jioni ikiwa nzima. Wote walijua kwamba kesho Jovia anaenda Arua kwenye mtihani wa kazi, akaandike programu kwa Python, lugha ya kompyuta, wakubwa wakiwa wamemsimamia mgongoni. Walijua na alichokuwa anaficha: edita yake, ile programu ya kompyuta anayoandikia, humtangulia. Akiandika neno, yenyewe inamalizia mstari. Mtandao ukikatika inakuwa bubu. Jana alijaribu edita tupu, isiyomsaidia mtu, mikono ikamganda. Sasa ameketi na kompyuta magotini, hajaamua aende na ipi, ubavuni mwa babu yake Kasimiro, aitwaye Koplo. Tangu mzee apooze, ulimi wake huishia nusu ya njia. Benchi humsaidia kumalizia.

— Enda na ile ya kumalizia, alisema Tanki, fundi wa malori. Ile tupu iko kama lori bila taniboi wa kukuelekeza. Ukirudi nyuma, unaingia shimo.

— Na mtandao ikipotea? Jovia aliuliza.

— Kidole kimoja haivunji chawa, binti.

— Chawa gani wewe! alidakia Latifu, aliyepewa jina la Redio, ingawa redio ina saa ya kuzimwa. Wazee walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Chukua hiyo tupu, itavuma mpaka Arua.

— Wewe hata simu, mke wako ndiye anakufungulia, Tanki akamrudishia.

— Tena alifungua, akasoma! Viktoria alicheka huku akimimina. Ndiyo maana sasa mke analala kule Dranya kwa mama yake.

Redio hakucheka. Alishusha sauti.

— Mnajua edita inatoa wapi hayo maneno? Ni ya watu walifeli mtihani. Waliacha ndani, yeye anaokota, anagawia wengine.

— Mimi nasema iko na pepo, Tanki akasema. Leo inamalizia kodi ya kompyuta. Kesho inamalizia sala. Siku moja mutu anakufa, yenyewe inabaki inamalizia maisha yake.

Koplo aliinua mkono wake mzima, akamgusa Jovia goti.

— Jovia… usi…

— Usiogope! Tanki akamalizia.

— Usisahau kitambulisho, Viktoria akasema.

— Usirudi hapa bila kazi! Redio akapiga paja.

Koplo alitikisa kichwa. Lakini siku hizi kichwa chake hujitikisa chenyewe, kwa hiyo hakuna aliyejali.

Driwaru, mama mgeni kutoka kule Manibe aliyekuwa akingoja gari la Arua, alishusha kikombe chake cha kwanza.

— Samahani. Yeye mzee alitaka kusema nini?

Viktoria aliinamisha birika; likatoa mashapo matupu ya kahawa.

— Babu, sema, Jovia alisema. Leo tutangoja.

Wakangoja.

— Usi…

Midomo ikatetemeka. Kisha mzee akainua macho, akamtazama Tanki, akamtazama Redio, akamtazama Viktoria, kama mtu aliyeshika bakuli mlangoni, akingoja wamalizie.

Jovia aliizima ile ya kumalizia. Akafungua edita tupu, akaandika neno moja la kuanzia mstari wa Python: *for*. Kistari cha kuandikia kikapepesa mbele yake, kikapepesa.

Naye akajikuta anangoja.