Vumbi Tulilolifagia kwa Ajili ya Ugeni Wako

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Kiwanda cha Alumini cha Nuru Njema, Tunguu, Bwana Meneja, mabibi na mabwana: Assalaam alaykum.

Sisi wafanyakazi wa ukumbi wa vyungu tunakukaribisha kwa mara ya pili. Mimi ni Mwatum Borafya, na wenzangu wamenituma niwasemee. Mheshimiwa, risala yetu ofisi iliichekecha mara tatu. Laiti na alumina ingepata bahati hiyo! Utuwie radhi, hii ninayoisoma ni ile ya kabla ya kuchekechwa.

HISTORIA YETU

Tulianza miaka sita iliyopita na vyungu vinne. Ndani ya chungu mna chumvi iliyoyeyushwa kwa umeme mpaka ikawa uji mwekundu wa moto. Humo tunatia alumina, ule unga mweupe unaokuja kwa magunia. Ukiyeyuka, umeme hutenga humo madini ya alumini. Siku hizo kila gunia lilipita kwanza kwa Bi Khairiya, mama yetu wa Makunduchi, na chekeche lake. Chembe zilizobaki juu, nzito kama mchanga wa pwani, zilikwenda chunguni. Vumbi lililoanguka chini lilitengwa.

Kwa nini litengwe? Kila aliyewahi kupika uji anajua. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka, unapata madonge. Na vumbi la alumina ni hivyo hivyo: jingine hupeperuka likaingia vifuani mwetu, jingine hushikana madonge yasiyoyeyuka, yakazama na kuwa tope. Juu chungu kina njaa, chini kimevimbiwa. Hapo umeme haupiti sawa, na chungu huanza kuugua.

MAFANIKIO

Vyungu vitatu bado vinafanya kazi. Chai hatukosi.

CHANGAMOTO

Mwanzoni mwa mwaka jana chekeche liliondolewa. Tuliambiwa linachelewesha kazi na kupoteza mali. Bi Khairiya alisema mbele yetu sote, "Nshakwambieni, vumbi hili haliyeyuki. Mtankumbuka." Akahamishiwa jikoni, ndiye anayetupikia hiyo chai.

Kisha ukaja wewe, Mheshimiwa, mwezi wa Rajab. Asubuhi ya ugeni wako tuliamriwa sakafu ing'are. Tukafagia vumbi la wiki tatu, likajaa mapipa matatu. Sabri Haitham, mhudumu wa chungu cha tatu, akamuuliza msimamizi wetu, Bwana Muhiddin, tuliweke wapi.

"Nje mgeni ataliona. Litieni chunguni."

"Chungu hakitolistahamili, bwana."

"We vipi? Alumina si ndo hiyohiyo alumina? Tieni!"

Sabri aliweka koleo chini, akakataa. Tuliotia ni sisi. Tulitia mapipa yote matatu, na tunalisema hili kwa aibu.

Ulipita ukasifu usafi wetu, ukapiga picha nasi. Picha ile imetundikwa pale mlangoni. Siku ya tatu umeme wa chungu ukapanda ghafla, ukuta wake ukatoboka ubavuni, alumini ya moto ikamwagika. Sabri ndiye aliyekuwa zamu. Alitoka na mguu ulioungua mpaka gotini, na kabla kidonda hakijakauka akaletewa barua ya kufukuzwa kazi: uzembe wa mhudumu. Kamati ya uchunguzi ilipotuita mmoja mmoja tulisema hatujui kitu. Tuliogopa, maana kila mmoja wetu alishika fagio.

MAOMBI

Ofisi ilituandikia tuombe feni na sare mpya. Hatuzitaki. Tunaomba Sabri Haitham arudishwe kazini, na barua ile ifutwe kwa barua nyengine yenye saini yako. Tunaomba pia Bi Khairiya arudishiwe chekeche lake. Ikiwa lazima mtu aadhibiwe kwa chungu cha tatu, majina yetu kumi na tisa yako nyuma ya karatasi hii, na la kwanza ni langu.

Sabri mwenyewe yupo nje ya geti tangu saa mbili asubuhi, na fimbo yake. Mlinzi anasema jina lake halimo katika orodha ya waalikwa.

Mheshimiwa, jana tuliamriwa tena kufagia, na tumefagia. Safari hii vumbi hatukulitia chunguni. Limo katika yale mapipa matatu nyuma ya kiti chako, yaliyofunikwa kitambaa cha kijani na kuwekwa maua. Tunakuomba uyafunue, utie mkono wako ndani, kisha useme geti lifunguliwe.

Mwenyezi Mungu akujaalie afya, akupe kifua kisichokohoa, na akurejeshe salama kwa watu wako.

Ni sisi tuliotia,
Wafanyakazi wa Ukumbi wa Vyungu,
Nuru Njema, Tunguu.