Pipa Jeusi la Fulgence Tuyau

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa ofisi. Siku ofisi ilipobaki bila mwenyewe, mlango uling'olewa, ukalazwa juu ya matofali manane kwenye kona, mbele ya parcelle ya Adèle, yaani kiwanja chake cha nyumba, na kitasa kikabaki upande wa kulia kumsubiri atakayechelewa kufika. Ilikuwa Februari ya mwaka 2003, mjini Bunia, kiangazi, jua likiwaka tangu asubuhi kama limeahidiwa mshahara. Umeme ulikuwa umekufa. Makala, yaani makaa ya kupikia, ya upande wa Gety hayakuingia tena, kwa sababu barabara ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hao walibadilika kila wiki. Watu watatu walikuja hapo kila siku kunywa kahawa ya Adèle na kuieleza dunia. Fulgence alikuwa fundi wa bomba, kwa hiyo aliitwa Tuyau, yaani Bomba. Théodore aliitwa Préfet, maana aliwahi kuwa préfet, mkuu wa shule ambayo sasa ilikuwa majivu. Na Lambert aliitwa Radio: redio yake ilikosa mawe ya betri tangu Noeli, lakini habari alikuwa nazo kila siku.

Siku hiyo, Jumatano, saa tano na nusu, Adèle aliwamiminia kahawa akiwa na kamba ya kuni kiunoni. Binti yake Glodie alikuwa amejifungua mtoto wa kiume Jumapili. Kwao mzazi huoshwa maji ya moto mara mbili kwa siku, moto kweli, na hukandwa tumbo kwa kitambaa mpaka apige kelele. Asipopiga kelele, maji hayakuwa maji. Kazi hiyo ilikuwa ya Godelive, dada mkubwa wa Adèle, ambaye alikuwa ameshapigisha kelele nusu ya mtaa. Lakini kuni zilikwisha Jumanne asubuhi. Tangu hapo Glodie hakuoshwa, na usiku tumbo lilimuuma. Kuni zilikuwepo kwenye mikaratusi, ng'ambo ya barrière ya kusini, kizuizi cha askari. Juzi wanawake watano walikwenda huko, wakarudi watatu, mikono mitupu. Adèle alipanga kuvuka saa saba kamili, wakati askari wa barrière wanakula.

Juu ya bati la nyumba yake, hata hivyo, lilikuwepo pipa la Tuyau. Lilikuwa pipa dogo, lita sitini, limepakwa masizi na mafuta machafu ya gari, limelazwa ndani ya sanduku la mbao lenye unga wa msumeno, na juu yake kioo cha dirisha. Mpira ulishuka kutoka humo hadi kwenye robinet, koki ya maji, nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa mabati wa kuogea. Jua lingepasha maji moto, Tuyau alisema, bila kuni, bila makala, bila kuomba mtu ruhusa.

— Fulgence, leo iko tayari? Adèle aliuliza.

— Mama Glodie, maji haisukumwe. Nilisema siku tatu.

— Umeipandisha Jumamosi. Leo iko Jumatano.

— Jumatatu kulikuwa wingu.

— Ya dakika kumi!

— Dakika kumi inatosha kuvunja maji moyo. Na musiifungue mbele ya saa yake. Ukifungua, moto yote inakimbia, tunaanza tena ku zéro.

Préfet alivua miwani yake, ambayo ilikuwa na kioo upande mmoja tu, akaifuta pande zote mbili.

— Tatizo haiko wingu, alisema. Tatizo iko ya kisayansi. Jua inapenda kitu cheusi. Tuko pamoja?

— Tuko pamoja, alisema Radio.

— Pipa iko nyeusi inje. Ndani iko na rangi gani?

— Ndani iko kutu, alisema Tuyau.

— Basi! Kutu iko nyekundu. Moto inafika ku mlango, inakuta nyekundu, inarudia kwao. Hiyo tunaita conduction, safari ya moto.

Adèle alikumbuka kwamba kule shuleni Préfet alikuwa akifundisha historia. Alimwongezea kahawa, maana mtu akinywa huwa kimya kidogo.

— Miye nilisikia mambo ya hizo mapipa ku redio, alisema Radio.

— Redio gani? Yako iko maiti.

— Nilisikia mbele ikufe. Kuko nchi moja ya jangwa, kila nyumba iko na pipa yake juu. Muzee, bibi, mutoto, bote banaoga maji ya jua. Makala hawaijue. Ukiwaonyesha makala banakuuliza kama inakulwa.

— Na maji iko moto? Adèle aliuliza.

— Moto ya kunyonyoa kuku. Ila kule bibi banazaa mapacha tu.

— Glodie ameshazaa, Radio.

— Minasema ya mara ingine.

Préfet alirudi na hoja mpya. Pipa lile, alikumbusha, lilikuwa la mazutu, yaani dizeli. Mazutu ikipata jua inapanda kuwa hewa, hewa ikikosa njia inatafuta ukuta, na ukuta wa kwanza ni wa chumba cha mzazi.

Hapo Tuyau alikasirika kweli.

— Préfet, hiyo pipa nimeisugua na muchanga na sabuni mara saba! Na kioo je? Weye unajua kioo nzima iko wapi hapa Bunia, na mabomu yote haya? Nimeibeba mukononi muji nzima kama mutoto mugonjwa. Ku barrière askari akanisimamisha. Nikasema, nimekwisha. Akashika kioo, akajitazama, akatengeneza kofia, akajitazama tena upande wa sikio. Dakika kumi na tano! Halafu akaniambia, pita. Sasa weye unakuja na mazutu?

— Hiyo kioo ndiyo hatari yenyewe, Radio aliingilia. Inangaa. Bale ba juu ya kilima banaona mwanga, banasema, aa, kumbe kuko batu banapigiana ishara. Bomu moja, kwisha.

Wote wakainua macho kwenye bati. Kioo kiling'aa.

— Tufunike na bâche, alisema Préfet, akimaanisha turubai.

— Bâche iko wazo, Tuyau alikubali, na Adèle akashangaa alivyokubali haraka.

— Mukifunika, jua itapitia wapi? Adèle aliuliza.

— Pembeni, alisema Préfet.

Lango la parcelle likasukumwa, Godelive akatokeza, mikono ya nguo imekunjwa hadi kwenye viwiko, kitambaa cha kukandia begani. Wanaume watatu walikaa sawa kama wanafunzi.

— Jambo, Yaya Godelive, walisema, kwa heshima ya dada mkubwa.

— Jambo yenu nitaitika nikiona maji. Adèle, mutoto wako tumbo inamukaza. Damu haingojee conférence.

— Yaya, si ufungue tu ile robinet?

— Miye? Minaosha bazazi tangu wakati ya Zaïre, hakuna hata moja alinifia. Leo nimuoshe na maji ya mazutu, ikimufanya kitu, watasema ni Godelive. Hawa waelewane kwanza, bakuje kuniambia: iko muzuri. Nitaosha.

Alibaki pale langoni, akiwasubiri waelewane. Wanaume waliichukua heshima hiyo kwa uzito. Préfet alipendekeza waanze kwa kujua kwanza moto ni nini. Tuyau aliuliza kama kuna mtu ana kipimajoto, akijua kwamba hakuna. Radio alikuwa ametazama juu muda mrefu, na aliposhusha kichwa sura yake ilikuwa ya mtu aliyepewa neno.

— Munajua nini? Jua ya huu mwaka haiko ile ya zamani. Risasi yote ile, bomu yote ile, moshi yake inaenda wapi? Inapanda. Jua inaivuta. Sasa inaturudishia ndani ya maji. Mutoto akioga hiyo, anakua na baruti ndani ya mwili. Akifika miaka kumi tu, bunduki yenyewe inamutafuta.

Adèle aliweka birika chini polepole. Mjukuu alikuwa naye mmoja, mwenye siku nne, na jina alikuwa bado hajapewa.

— Radio, alisema, kunywa kahawa yako.

Radio akanywa.

Kivuli cha nguzo ya umeme, ambayo haikuwa na kazi nyingine, kilikuwa kimesharudi miguuni pake. Saa sita ilikuwa imepita. Adèle alianza kukaza kitenge. Hakuna aliyesema angekwenda badala yake, wala yeye hakulitegemea neno hilo: mwanaume aliyevuka barrière ile aliulizwa anatoka upande gani wa vita kabla hajaulizwa jina, na majibu yote mawili yalikuwa na wenye kuyachukia.

— Ngoja kesho, Mama Glodie, alisema Tuyau, na safari hii sauti yake haikuwa ya fundi. Kesho itakuwa tayari. Minakuomba.

— Ulisema hivyo jana.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kwa njia ya sokoni, godoro limekunjwa kichwani, kuku chini ya kwapa, vumbi hadi magotini. Alitua mzigo, akasalimia, akasema anaitwa Rebecca, ametoka Bule, ametembea siku tatu, na kama kahawa ipo ataomba kikombe. Akakaa kwenye nafasi iliyobaki, akakutana na kitasa, akajisogeza bila kulalamika.

— Munasumbuka nini? aliuliza, maana nyuso zao zilionyesha.

Walimweleza wote watatu kwa pamoja. Alisikia kutu, alisikia mapacha, alisikia mazutu, kilima, bâche na baruti. Alisikiliza kwa adabu, akiwa ameshika kuku. Walipomaliza aliuliza:

— Na nani ameigusa hiyo maji?

— Kugusa namna gani? alisema Préfet.

— Na mukono.

Préfet alitazama Tuyau. Tuyau alitazama kikombe.

— Robinet iko mu ua ya kuogea, Tuyau alisema hatimaye. Nimeiweka Jumamosi. Jumapili mutoto akazaliwa. Mwanaume haingie kwa muzazi mpaka kitovu ya mutoto ianguke, hiyo unaijua hata kwenu.

— Minaijua. Na weye, mama?

— Miye nilingojea wanaume waelewane, alisema Godelive.

— Na weye?

— Miye niliambiwa nisifungue, alisema Adèle.

Alilisikia neno hilo likitoka mdomoni mwake mwenyewe, na halikumpendeza. Siku nne. Ua ule ulikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale aliposimama. Alimgeukia Tuyau, na Tuyau hakuweza kumtazama usoni.

— Fulgence. Umetengeneza mapipa ngapi kama hii?

— Nilionaga moja kwa mapadri, zamani.

— Sikuuliza ulionaga ngapi.

— Hii ni ya kwanza, Mama Glodie.

Kwa hiyo siku tatu hazikuwa za maji. Zilikuwa za woga wake. Adèle hakuwa na muda wa kumkasirikia. Alipita mbele ya Godelive, akazunguka nyumba, akaingia uani.

Robinet ilikohoa hewa. Ikatema maji mekundu, ikakohoa tena, kisha maji yakaanza kushuka meupe. Adèle aliweka mkono chini yake, akaurudisha haraka kifuani, akaushikilia hapo kana kwamba ni wa mtu mwingine. Halafu akauweka tena, kuhakikisha. Godelive alikuwa amemfuata. Alikinga beseni, akatia kiwiko, akakaa nacho humo muda wa kuhesabu hadi tatu.

— Hm, alisema. Niletee nusu bidon ya maji ya baridi. Na umuite Glodie.

Pale kwenye benchi wanaume walikuwa wamesimama, shingo ndefu, bila kuvuka lango.

— Inasema nini? alipaza sauti Préfet. Kutu imeizuia?

Adèle alirudi, akafungua kamba kiunoni kwa mkono mmoja, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa kazi: aliketi. Alimimina kilichobaki kwenye birika ndani ya kikombe kimoja, akampa Rebecca. Radio alinyoosha chake.

— Imeisha, alisema Adèle.

— Mama Glodie, alianza Préfet, hata kama iko moto, hiyo haijibu swali ya conduction. Kwa sababu ukichukua rangi ya kutu...

Kutoka nyuma ya nyumba Glodie alipiga kelele. Ilikuwa kelele ndefu, ya kutoka tumboni, ikifuatwa na sauti ya Godelive ikimwambia anyamaze na kukaa vizuri, kisha kelele ya pili, kubwa kuliko ya kwanza: Mama, ananiunguza!

— Nyamaza, Préfet, alisema Adèle. Acha nisikie.

Wakakaa hivyo, watano na kuku, katikati ya mji wa Bunia mwaka ule, wakimsikiliza mwanamke akilia kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyesimama kukimbia.